Kubadilisha hedi gasketi ya Datsun 240Z nyumbani, na zile gasketi zingine ukiwa ushafungua

Hedi gasketi, yani ule mzibo unaokaa katikati ya bloku ya enjini na hedi (kile kipande cha juu chenye valvu), haifi hivi hivi, huuliwa. Naanza na hilo manake watu wengi wanaofungua enjini mara ya pili kabla hata mwaka haujaisha ni wale ambao mara ya kwanza walibadilisha gasketi wakafunga, na kilichoiua wakakiacha pale pale ndani. Kwa hiyo kabla hujashika spana jiulize kwanza ilichemka kwa nini.

Huku kwetu Mombasa muuaji wa kwanza ni maji yenyewe. Mtu anajaza rejeta maji ya kisima, na visima vyetu unavijua, hata sabuni haitoi povu. Enjini ya 240Z, yani L24, bloku ni chuma lakini hedi ni alumini, na chumvi inaitafuna alumini polepole kuzunguka matundu ya maji hadi gasketi inakosa pa kukanyagia. Muuaji wa pili ni rejeta iliyoziba nusu, unaendesha mjini unaona sawa, ukipanda kile kilima cha Mazeras saa nane mchana na mzigo ndio geji inaanza kupanda. Halafu kuna klachi ya feni iliyochoka, kuna thamostati (ile valvu inayoachia maji kwenda rejeta enjini ikipata moto) iliyoganda, na kuna yule fundi aliyeamua kuitoa thamostati kabisa "ili ipoe". Hivyo vyote vikague na uvitengeneze katika kazi hii hii, usiseme utarudi.

Kwa asiyeijua gari yenyewe, hii ni ile Datsun ya boneti ndefu, silinda sita za mstari, cc 2393, kabureta mbili za Hitachi za aina ya SU. Safari Rally ya 1971 aliichukua Edgar Herrmann na Hans Schüller kwenye 240Z, na 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakaichukua tena, na ile ya 73 ilikuwa kali, Mehta alilingana pointi na Harry Källström ambaye naye alikuwa kwa Datsun, ikabidi sheria ya kuvunja sare itumike. Ndio maana wazee huku wakiiona barabarani wanasimama. Na uzuri wake kwa mtu wa nyumbani ni kwamba ni enjini ya enzi za spana, hakuna kompyuta, ukiwa na subira ya wikendi mbili unaiweza.

Sasa hakikisha kweli ni hedi gasketi. Fungua kifuniko cha rejeta enjini ikiwa BARIDI, washa, chungulia, ukiona mapovu yanakuja mfululizo bila kukoma basi moto wa silinda unapita kwenda kwa maji. Chomoa dipstiki, oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa maji yameingia. Maji yanapungua na chini hakuna tone, na ekzosi inatoa moshi mweupe hata baada ya enjini kupata moto, hiyo pia ni dalili. Ya uhakika zaidi ni kupima kompreshen, yani mgandamizo wa silinda, kwa geji, plagi zote sita nje, kabureta wazi kabisa, ukikuta silinda mbili zinazopakana zote ziko chini na zingine nne ziko sawa hapo huna haja ya kuuliza mtu, gasketi imekatika katikati yao. Lakini kama shida yako ni harufu ya oili kuungua na oili inateremka ubavuni mwa enjini, tulia kwanza, hiyo mara nyingi ni gasketi ya kava ya tapeti tu (kile kifuniko cha juu ya hedi), kazi ya nusu saa.

Kuagiza. Soma namba ya enjini kwenye bloku upande wa kulia nyuma, karibu na plagi ya sita, manake gari nyingi hizi zishabadilishwa enjini na mwenyewe hajui. L24 na L26 silinda zina kipenyo cha milimita 83, L28 ni 86. Gasketi ya 83 ukiiweka kwa enjini ya 86 ule ukingo utachomoza ndani ya silinda na utaungua, haitachukua muda. Nunua seti nzima ya juu, sio hedi gasketi peke yake, ndani ya seti unapata ya manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa na kutolea moshi), ya kava ya tapeti, ya thamostati, ya pampu ya mafuta na sili za valvu. Mimi huagiza nje na nangojea, na sikushauri ile ya kukatiwa kwa karatasi, karatasi ni ya thamostati na pampu ya mafuta, kwa hedi hapana.

Vifaa vya lazima: toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza (azima kama huna, lakini usifanye bila), soketi ya pembe sita ya ndani namba 10 ya kufungulia bolti za hedi, soketi 27 ya kuzungushia krankshafti (ile shafti kuu ya chini), spana 14 na 17 za tapeti, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia uwazi), na rula ya chuma iliyonyooka kweli. Na kipande cha mbao. Hicho cha mbao nakuja kukieleza, usikicheke.

Siku mbili tatu kabla, anza kupulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye stadi na nati za manifoldi ya ekzosi, asubuhi na jioni, hasa ile ya mwisho nyuma kabisa kwa silinda ya sita, hiyo ina sifa ya kukatika. Ikikatikia ndani ya hedi si mwisho wa dunia kwa sababu hedi inatoka hata hivyo, watu wa mashini shop wataitoa, lakini ni hela.

Siku yenyewe toa betri, mwaga maji ya rejeta na ya bloku (bloku ina plagi yake, watu huisahau alafu maji yanarudi kwa silinda wakinyanyua hedi), piga picha kila kona kabla hujachomoa hozi hata moja, na bandika karatasi kwa kila hozi. Chukua boksi la katoni chora umbo la hedi juu yake toboa matundu, kila bolti inayotoka inaingia kwa tundu lake, manake bolti za hedi ziko ndefu na fupi na ukizichanganya, ndefu kwenye tundu la fupi, itagota chini na wewe utadhani imekaza.

Kwa enjini za L manifoldi zote mbili, ya hewa na ya ekzosi, ziko upande mmoja, wa kushoto, na zinatumia gasketi moja. Plagi na distribyuta ziko kulia. Zima kila moto karibu, sigara pia, funga paipu ya mafuta, alafu toa manifoldi ya hewa pamoja na kabureta zake zikiwa zimeshikana, hakuna sababu ya kuzitenganisha. Kuna washa nene zinazokanyaga manifoldi mbili kwa wakati mmoja, zihifadhi, hizo si washa za kawaida na dukani huku huzipati. Distribyuta iache mahali pake, inaendeshwa kutoka chini pamoja na shafti ya oili pampu, haina uhusiano na hedi, toa kifuniko na nyaya tu. Pampu ya mafuta ile ya kimakanika iliyo mbele kulia mwa hedi itoe.

Ukishatoa kava ya tapeti, zungusha krankshafti kwa soketi 27, mwendo wa saa ukitazama kutoka mbele, mpaka pistoni ya kwanza iwe juu kabisa na kamu zote mbili za silinda ya kwanza zimetazama juu, valvu zimefunga. Chukua rangi, ile ya kucha ya mke wako inatosha, weka alama kwenye jino la gia ya kamshafti (ile shafti ya juu inayofungua valvu) na kwenye pingili ya cheni inayolikalia. Weka na nyingine upande wa pili. Kuanzia hapo krankshafti isizungushwe tena na mtu yeyote, hata mtoto asiguse.

Sasa mbao. Kule chini ndani ya kava ya cheni kuna tenshona, ni kijipistoni chenye springi kinachoisukuma cheni. Ukitoa gia ya kamshafti cheni inalegea, kijipistoni kinaruka kinatoka, na hakirudi. Ili kukirudisha itabidi utoe rejeta, puli ya krankshafti, wota pampu na kava nzima ya mbele, yani kazi ya siku moja imekuwa ya nne. Najua kwa sababu lilinipata. Niliambiwa na mzee mmoja wa gereji nikate mbao, nikaona ni mambo ya kizamani, nikafunga cheni kwa waya kwenye boneti, waya ukateleza nikasikia "tik" kidogo tu kule chini. Sauti hiyo sijaisahau. Kwa hivyo chonga mbao ngumu, kama sentimita 25 hivi, iwe kabari, nyembamba chini pana juu, iingie katikati ya pande mbili za cheni, igonge taratibu mpaka cheni ikaze pande zote mbili, sio uipige nyundo kama unajenga banda. Juu toboa tundu ufunge kamba ya kuichomolea baadaye. Tambara liwekwe kuziba uwazi uliobaki, bolti ikidondokea humo utalia.

Hapo ndio unalegeza bolti ya gia ya kamshafti, unatoa kikamu cha pampu ya mafuta, unaivuta gia mbele na kuitoa kwenye cheni.

Bolti za hedi ziko 14. Safisha kwanza yale matundu ya pembe sita kwa msumari na brashi, yamejaa uchafu wa oili, na soketi usipoizamisha mpaka chini itakata pembe na bolti itabaki ya duara. Legeza kuanzia pembeni ukielekea katikati, kila moja robo mzunguko kwanza, usifungue moja yote, hedi ya alumini inapinda. Na unaacha bolti za minara ya kamshafti, ile minara mitano iliyobeba kamshafti USIIGUSE, imechongwa ikiwa imefungwa pamoja, ukiifungua kuirudisha iwe mstari mmoja ni balaa lingine.

Bolti 14 zimetoka na hedi haitikisiki? Kila mtu hufika hapa na kila mtu huchukua nondo aanze kuibandua. Acha nondo. Mbele kabisa, pale hedi inapokutana na kava ya cheni, kuna vibolti viwili vidogo, namba 10, vimejificha ndani vimefunikwa na oili nyeusi. Ndivyo vilivyoshika. Nimeona hedi iliyovunjwa mdomo wa mbele kwa sababu ya hivyo viwili.

Kunyanyua ni watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma, juu moja kwa moja. Na hedi usiilaze chini kifudifudi, kamshafti imo ndani kwa hiyo kuna valvu ziko wazi zimechomoza, zitapinda. Ilaze juu ya mbao mbili pembeni.

Itazame gasketi ya zamani kabla hujaitupa. Inakuonesha ilipofia, pale palipoungua pakawa peusi katikati ya silinda, au palipooza kwa kutu kuzunguka tundu la maji. Kama imeoza kwa kutu rudi pale juu nilipoongea habari ya kisima.

Kusafisha ndio kazi yenyewe, haya mengine yote ni kufungua na kufunga. Mimi nilitumia mchana mzima. Kwa bloku tumia kisu cha kukwangulia, kwa hedi tumia kitu laini kuliko alumini, plastiki ngumu au mbao, na thina ya kulainishia. Usitumie ile brashi ya sandpepa ya kwenye drili hata kama mtandaoni umeona Mzungu anaitumia, inachimba vibonde usivyoviona na vumbi lake linaingia kwenye beringi. Ziba silinda na matundu ya oili kwa matambara. Alafu matundu ya bolti, yapulize kwa hewa mpaka yakauke kabisa, maji au oili ikibaki chini ya tundu bolti ikishuka haina pa kwenda, inasukuma bloku na bloku inaweza kupasuka, na hata isipopasuka toki renchi itakudanganya.

Kisha rula. Isimamishe kwa ubavu juu ya hedi, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, jaribu kupitisha fila geji chini yake. Ikipita ya milimita 0.10 hedi imepinda, inakwenda kuskimiwa, yani kuchongwa uso unyooke. Waambie waondoe kidogo iwezekanavyo, na wapime kama imepasuka kwa presha ya maji kabla ya kuskimu, hakuna haja ya kulipia skimu ya hedi iliyopasuka. Kumbuka pia ukiskimu, kamshafti inashuka karibu na krankshafti, cheni inabaki na ulegevu na taiming ya kamu (wakati wa valvu kufunguka na kufunga) inachelewa. Gia yake ina matundu matatu yenye namba 1, 2 na 3 kwa ajili hiyo, pamoja na cheni iliyorefuka kwa uzee, ukihama kutoka tundu la 1 kwenda la 2 taiming inarudi mbele digrii 4. Basi andika ulilikuta kwa tundu lipi.

Kurudisha. Gasketi mpya iweke kavu, isipokuwa mtengenezaji awe ameandika vingine, na kitone kidogo tu cha silikoni pale kwenye pembe mbili za mbele ambapo bloku inakutana na kava ya cheni, hapo ndipo enjini hizi huvuja oili. Kitone nimesema. Sio kupaka siagi kwa mkate, silikoni ikizidi inajikunja ndani na kipande kinakwenda kuziba njia ya oili. Hakikisha matundu yote ya gasketi yanalingana na ya bloku, pistoni ya kwanza bado iko juu na kamshafti bado imekaa ulivyoiacha, ndio ushushe hedi. Zikipishana hizo mbili valvu zitagonga pistoni.

Nyuzi za bolti na chini ya vichwa vyake paka oili kidogo. Kaza kuanzia katikati ukitoka nje kwa mzunguko, raundi ya kwanza 40 Nm zote, ya pili 60, ya mwisho kati ya 64 na 83. Kama renchi yako ni ya futi paundi basi ni 29, 43, na 47 hadi 61. Mimi huishia 80. Vile viwili vidogo vya mbele vikaze mwisho, kwa mkono mwepesi. Gia rudisha ile pingili yenye rangi ikae kwa jino lake, bolti yake inachukua nguvu, 118 hadi 157 Nm, toa tambara, chomoa mbao, na uzungushe enjini kwa mkono mizunguko miwili kamili taratibu. Ikigota popote simama. Usilazimishe.

Tapeti, yani uwazi ulio chini ya kamu, ziweke enjini ikiwa baridi, milimita 0.20 kwa valvu za hewa na 0.25 kwa za ekzosi, kamu ya valvu hiyo ikiwa imetazama juu, legeza loki nati kwa 17, zungusha kwa 14, kaza, alafu pima TENA kwa sababu ukikaza loki nati inasogea kila mara. Paka oili juu ya kamu zote kabla ya kufunika.

Gasketi zingine sasa. Ya manifoldi weka mpya na ukague uso wa manifoldi kwa rula ileile, ikivuja hewa, sailensa (mzunguko wa enjini ukiwa hujakanyaga mafuta) itapanda na utaanza kulaumu kabureta bure. Thamostati weka mpya na gasketi yake. Kava ya tapeti ndio watu huiharibu kwa nguvu, ni vibolti vidogo kwa alumini, kaza kwa vidole viwili kwenye spana fupi, ukikaza sana kava inapinda na inavuja zaidi kuliko mwanzo. Gasketi ya sampu, lile beseni la oili la chini, kama haivuji iache.

Jaza kulanti nusu, maji safi yasiyo na chumvi nusu, na badilisha oili na filta hata kama oili ilikuwa ya juzi, manake kuna maji yalidondoka tu. Chomoa waya wa koili, piga stata mpaka geji ya oili inyanyuke, rudisha waya, washa. Itatoa moshi kutoka kila mahali kwa dakika kumi, ni mafuta uliyopulizia ekzosi yanaungua, usiite zimamoto. Angalia geji, angalia chini, ongeza maji hewa inavyotoka.

Iache ipoe usiku kucha. Asubuhi fungua kava ya tapeti tena, chukua bolti moja moja kwa utaratibu ule ule kutoka katikati, legeza kidogo na ukaze upya kwa toki ile ya mwisho, isipokuwa pakiti ya gasketi iwe imekataza. Mimi zile za katikati zilikuwa zimelegea kiasi cha kunishtua. Pima tapeti tena hapo hapo, bolti zikishuka na zenyewe husogea. Kilomita kama mia nane baadaye nilirudia kupima, mbili za ekzosi zilikuwa zimebana, nikazirudisha, na oili sasa inadondoka kwa sili ya nyuma ya krankshafti, ambayo hiyo mpaka giaboksi ishuke.